Redio Bila Ufunguo

3 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Sisi wazima, mama mzima, cherehani nzima. Mgonjwa hapa ni kichwa changu tu, na aliyekiumiza ni wewe na hii redio yako.

Mzigo umefika jana. Dereva wa lori kauleta mpaka mlangoni, nikamkaribisha hata maji akakataa, anasema ana haraka. Sasa naijua ile haraka ilikuwa ya nini, ngoja nikueleze. Redio nimeitoa kwenye boksi nikaifuta, nzuri jamani, ndogo kama nusu tofali, vitufe vimejaa kama vifungo vya koti la askari. Nikasema hii ikikaa wazi vumbi la vitambaa litaiua. Basi kabla ya yote nikaishonea gauni. Ile bluu iliyobaki kwenye sare za wauguzi, nikatia na lastiki, limemkaa mwilini kama kazaliwa nalo. Bibi wa Ghorofani kaiona akasema yeye miaka yote hajashonewa nguo ikamkaa hivyo, nikamwambia bibi, redio haina tumbo.

Nikatia betri, nikawasha, nikaivuta gauni lake vizuri. Kioo kinawaka lakini kuongea haiongei, inakaanga tu, shhhh, kama mafuta yamepata maji. Bonyeza huku, bonyeza kule, wapi. Halafu nikaona. Juu ya kioo pembeni pana picha ya ufunguo! Mimi shule nilipita mlangoni tu, lakini ufunguo naujua. Redio inadai ufunguo wake. Nimepekua boksi mpaka chini, hakuna. Nikamfuata dereva gereji, mbele ya wenzake: "Shemeji, ufunguo wa redio ya mdogo wangu uko wapi?" Ananiambia, "Mama Pindo, redio haina ufunguo, yenye ufunguo ni gari." Nikamwambia usinifanye mtoto, picha nimeiona kwa macho yangu. Tumechambana mpaka fundi matairi akatuamulia.

Sasa ya mama. Bado ni yale yale. Tangu mwezi wa pili ulivyokosa kuja likizo, anasema wewe hupo tena duniani na barua zako natunga mimi. Mimi! Jumapili katoa picha yako ukutani, kaikunja ndani ya shuka, kaiweka sandukuni juu ya ile ya marehemu baba. Nikamuuliza mama unafanya nini, akasema, "Nawaweka pamoja."

Kwa hiyo leta ufunguo haraka.

Dada yako,
Mama Pindo


12 Machi

Dada, shikamoo.

Redio haina ufunguo. Hakuna redio yenye ufunguo. Nenda leo hii kamwombe dereva msamaha, maana ndiye anayebeba hizi barua, akitususia tutaongea kwa ndoto.

Ile picha maana yake vitufe vimefungwa visibonyezeke bahati mbaya. Kwenye ubavu wa kulia wa redio kuna kitu kidogo cha kusukuma. Ukikishusha vitufe vinafunga, ukikipandisha vinafunguka na picha inapotea. Anayekishusha ni gauni lako. Livue.

Ukishalivua fanya hivi. Vuta antena yote mpaka mwisho. Bonyeza kitufe cha bendi. Kioo kitaandika FM, hizo ni stesheni za mjini kwenu, pita. Kitaandika MW, pita. Kitaandika SW, hapo simama, hayo ndiyo masafa mafupi, na usiulize kwa nini yanaitwa mafupi wakati yanatoka mbali. Andika kwa vitufe 9650. Kila Ijumaa saa kumi alasiri hapo kuna kipindi cha watu wa makambi ya kazi, kama hii yetu ya magogo, kusalimia kwao. Bwana mwenye kinasa sauti alipita hapa tukazungumza mmoja mmoja. Zamu ya kambi yetu ni Ijumaa tarehe 22 Mei. Mara moja tu, hawarudii, mpaka mwakani. Kwa hiyo una wiki kumi za kujifunza. Mama akinisikia kwa masikio yake, yataisha.

Likizo nilikwisha kueleza, mkubwa wa kazi alizuia watu wote. Mimi mzima kabisa. Nina nafasi ya kutosha siku hizi, ukikwama niandikie.

Halafu, mwisho wa barua yako ya mwanzoni mwa mwezi wa pili mama ameniambia "msalimie mchumba wako mpishi". Mchumba gani? Mpishi wa hapa ni mwanaume, ana ndevu na wajukuu sita.

Mdogo wako,
Kitinda


26 Machi

Kitinda we,

Dereva nimemwomba msamaha. Nimempelekea na suruali yake nimempindia bure, sasa tunaitana shemeji tena mpaka watu wanaulizana. Ila na yeye alizidisha, mtu ukiulizwa ufunguo unajibu kwa upole.

Gauni nimelivua. Nikasukuma kile kidude, ufunguo ukapotea, nikapiga kigelegele peke yangu, wateja wakaingia wakidhani nimepata mume. Halafu nikalikata gauni tundu pale ubavuni nikalivisha tena, maana redio haiwezi kukaa uchi mbele za watu. Usigombe, soma kwanza.

Nimevuta antena. Ndefu! Imegonga balbu. Nimefika hiyo SW yako. Kitinda, umenipeleka wapi? Kuna mtu anahubiri kwa lugha ya kukoroma, kuna muziki unakuja na kuondoka kama mtu anafungua na kufunga mlango, kuna mwingine anahesabu namba tu, nikamwambia mama huyu naye anadai watu wangapi? Mama hata hakucheka.

Ijumaa nikajiandaa, nikaosha mikono, nikakaa. Umeniambia saa kumi, na kioo kina saa yake, nikasubiri iandike 10. Naona inaandika 15 na vidogo vidogo mbele yake. Nikasema hii saa imepitiliza, labda itazunguka irudi. Ikaja 16, ikaja 17. Mpaka jua linazama sijaiona kumi, na mama kakaa kitini amejifunga shuka lake akingoja. Akanyanyuka akasema, "Hata redio unaifundisha uongo."

Haya, na hilo la mchumba nikwambie tu. Wewe barua zako ni fupi, bwana. "Mimi mzima, kazi inaendelea, nasalimia wote." Mama anakaa kunisikiliza, kazima jiko, kaacha kazi zake zote, halafu nisome mistari mitatu niseme mwisho? Ndio kisa nikaanza kutia kidogo. Mwanzo nilitia hali ya hewa tu. Halafu nikatia kwamba umenenepa. Halafu mama akauliza unakula nini, ikabidi awepo mpishi, na mpishi ikabidi awe mzuri, na mambo yakaenda yenyewe. Mpaka mwezi wa kwanza mlikuwa mmechumbiana. Nia yangu ilikuwa safi kabisa.

Dada yako mpenda watu,
Mama Pindo


4 Aprili

Dada,

Shikamoo, na naomba usome hii ukiwa umekaa.

Ndio maana! Ndio maana mama haamini! Umemsomea mchumba, unene, na sijui nini kingine, halafu likizo imefika sikuja, wala mchumba hakuja. Ungekuwa wewe ungeamini? Nimekaa hapa nikidhani mama amezeeka, kumbe mama ana akili timamu kuliko sisi wote.

Kuanzia leo unasoma nilichoandika. Nukta ikifika, unafunga mdomo.

Saa. Usiangalie kioo cha redio, angalia saa ya ukutani. Kioo kinahesabu tangu usiku wa manane, saa kumi yetu ya alasiri chenyewe kinaita 16. Ulikuwa mlangoni ukageuka.

Gauni. Umelitoboa ubavuni, lakini lastiki bado inabana antena pale chini, haisimami sawa. Livue kabisa. Lichome. Mvishe Bibi wa Ghorofani.

Kelele. Mwambie kila mtu asishone wakati wa kipindi. Mota ya cherehani ya umeme ikizunguka karibu, redio inasikia mota tu. Balbu zile nyembamba za mzunguko nazo hivyo hivyo, na chaja za simu. Kaa dirishani mbali na hivyo vyote. Chukua waya mwembamba mita tano, menya ncha, uzungushie kwenye antena, waya uliobaki utoe nje ya dirisha kwenye kamba ya nguo. Ni kazi ya dakika mbili kwa mtu anayejua sindano.

Ningekuwa na uwezo wa kuja kukufanyia ningekuja kwa miguu.

Kitinda


25 Aprili

Kitinda mdogo wangu mkali,

Umenisema nimesemeka. Gauni nimelivua, halikuchomwa, limekaa kwenye mtungi wa maji, limempendeza.

Waya nimeufunga. Nimeutoa dirishani mpaka kwenye kamba ya nguo, Mama Watatu wa chini akaanika shuka juu yake, nikamfuata nikamwambia hiyo si kamba hiyo ni sikio. Ananiangalia kama nimerukwa. Nikamweleza habari yote tangu mwanzo, saa nzima. Sasa anajua, na kinyozi wa chini anajua, na Fundi Viatu anajua, nyumba nzima inaijua 22 Mei kuliko siku ya mshahara.

Na jana nimekipata kipindi! Saa ya ukutani kumi kamili, cherehani nimezima, wateja nimewafukuza. Kwanza mluzi, halafu mwanamke akasema karibuni, halafu wanaume wa watu mmoja mmoja, nasalimia mke wangu, nasalimia shangazi, mwambieni fulani arudishe baiskeli. Inakuja na kupotea, katikati inakwaruza, lakini maneno yanashikika. Nikamwita mama, njoo, njoo! Akaja akasimama na fimbo yake. Akasikiliza wawili. Akasema, "Wana wa wenzangu wote wapo. Wangu mbona hayumo?" Nikamwambia zamu yake bado. Akasema, "Mchumba naye zamu yake bado?" Akaondoka.

Nimechoka, Kitinda. Barua yako ya mwisho nimemsomea kama ilivyo, neno kwa neno, mpaka pale uliposema ana akili timamu. Unajua alisemaje? "Hii ndiyo umeitunga vizuri kuliko zote." Sasa nikisema kweli ni uongo, nikisema uongo ni uongo. Nifanyeje? Juzi Mama Watatu kaomba kupanga chumba chako na mama amesema atafikiri. Anataka kukitoa mwezi wa sita ukianza.

Na wewe mwandiko wako siku hizi umelala sana, mistari inapanda juu kama inapanda ngazi. Unaandikia wapi, mgongoni kwa punda?

Dada yako,
Mama Pindo


5 Mei

Dada, shikamoo.

Chumba kisitolewe kabla ya tarehe 22. Mwambie mama ni mimi ninayeomba. Najua hataamini, mwambie hivyo hivyo.

Weka betri mpya asubuhi ya siku hiyo, zile za zamani uzitoe zote tatu, usichanganye. Kambi yetu itakuwa kama ya tatu au ya nne. Nimesema maneno machache tu, yule bwana alikuwa anatuhimiza.

Mwandiko uache ulivyo. Naandika nimeegemea mto, meza zetu mbovu.

Kitinda


22 Mei, jioni hii hii

Kitinda! Kitinda! Kitinda!

Umesikika! Ngoja nianze mwanzo nisije nikajikwaa.

Saa tisa na nusu nimekaa dirishani, betri mpya, waya nje, mama nimembembeleza mpaka akakubali kukaa, kanipa mgongo lakini kakaa. Nawasha, shhhh na ndani yake nzzzz. Nzzzz hiyo ndiyo mbaya. Cherehani nimezima, balbu nimezima, bado nzzzz. Nikashuka mbio. Mama Watatu anapiga pasi, zima! Anaanza eti subiri nimalize kola. Kinyozi mashine inanguruma, ananiambia, "Mama Pindo, mteja wangu nimeshamnyoa upande mmoja." Bibi wa Ghorofani ana feni. Na saa inakwenda! Nikaona hawa nikiwabembeleza mmoja mmoja kipindi kitaisha. Pale koridoni si ndipo ilipo swichi kubwa ya nyumba nzima? Nikaishusha. Kap!

Kitinda, nzzzz ikafa. Ila watu ndio wakawaka. Wamepanda wote ngazi, Mama Watatu na pasi mkononi, kinyozi na nyuma yake mteja ana nusu kichwa, kofia kajibandika juu, anauliza, "Huyo mwanamke yuko wapi?" Wamejaa mlangoni wanataka kunila nyama. Nikawaambia pigeni kelele baadaye, nitajibu moja moja, sasa hivi mama anamsubiri mwanawe. Na mama hapo hapo akageuka akawaangalia. Mama Watatu akaweka pasi chini. Yule nusu kichwa akavua kofia.

Wa kwanza si wewe. Wa pili si wewe. Wa tatu mluzi ukampitia, nikazungusha kidogo, akarudi, si wewe. Jasho linanitoka. Halafu mtu akakohoa. Kabla hujasema hata neno, ulivyokohoa tu, mama akadondosha fimbo.

Ukasema, "Mama, ni mimi Kitinda wako. Niko mzima, nasimama kwa miguu yangu miwili, usiwe na wasiwasi. Msalimie dada, mwambie mpishi ana ndevu." Nyumba nzima ikacheka, kinyozi akapiga makofi, mimi nikalia kama mjinga. Mama hakulia, hakucheka. Aliishika redio kwa mikono miwili mpaka kipindi kikaisha kabisa, mpaka na wasemaji wa mwisho, kama vile na wao ni wanawe.

Nikamwambia, umeona sasa? Umeamini? Akasema, "Yuko hai." Halafu akaniomba kalamu na karatasi, na yeye hajui hata kushika kalamu! Nikamwambia mama sema nikuandikie. Akasema hapana. Akashuka zake kwa Fundi Viatu na huko ndiko aliko mpaka sasa, mlango wameufunga. Nimepita mara nne, sisikii kitu. Kitinda, kama ni jambo zuri uniambie.

Umeme nimeurudisha. Mwenye nusu kichwa amemaliziwa.

Dada yako mwenye furaha na wasiwasi,
Mama Pindo


22 Mei

Kwa Kitinda,

Mimi ni Fundi Viatu wa hapa chini. Mama yako anasema na mimi naandika, sitii langu hata nukta, ameniapisha.

Mwanangu. Nimekusikia. Uko hai, nashukuru. Picha yako nitairudisha ukutani leo.

Sasa nani alikuuliza habari za miguu?

Kumi na wawili wamesalimia kwao kwenye redio, nimewahesabu wote. Hakuna aliyetaja miguu yake. Mwenye miguu mizima hajui kama anayo. Wewe peke yako ndiye uliyesema una miwili na unasimama.

Na hukuwa umesimama. Mimi nimekulea na homa zako. Sauti ya mtu aliyelala chali naijua, inatokea kooni, tumbo halisaidii. Ulikuwa umelala, ukaambiwa sema, ukasema.

Nilijua kuna kitu tangu mwezi wa pili. Dada yako akisoma nilikuwa nasikia kuna mahali panafichwa. Nikadhani kinachofichwa ni kifo, na anayeficha ni yeye. Kumbe yeye anaongeza na wewe unapunguza. Mimi katikati yenu nimezika mtu mzima.

Ni mguu upi? Mvunjiko au wameukata? Niambie neno moja la kweli. Kisha njoo na ulichobaki nacho. Chumba hakitoki.

Redio nimeizima ili betri zisiishe bure.

Mama yako


2 Juni

Dada, shikamoo.

Hii msomee mama wewe mwenyewe, usimpe Fundi Viatu. Isome kama ilivyo.

Mama, ni wa kushoto. Haukukatwa. Gogo liliniangukia tarehe tisa mwezi wa pili, siku mbili kabla ya likizo, mfupa ukavunjika juu ya goti. Nimelala miezi mitatu. Mkubwa wa kazi hakumzuia mtu likizo, nilidanganya. Niliogopa ukisikia umevunjika utataka kuja huku, na njia yenyewe huiwezi. Redio niliyowaletea ndiyo niliyokuwa nasikiliza kitandani. Sasa natembea na magongo mawili, na daktari wa kambi ananiruhusu kusafiri. Lori likirudi kutoka kwenu na jibu, safari inayofuata napanda mimi. Nisamehe.

Dada, nimeacha hapa chini mstari mmoja mtupu. Huo ni wako, ongeza unachotaka. Mmoja tu.

Kitinda


9 Juni

Mdogo wangu,

Nimesoma kama ilivyo. Hata pale pa gogo sikuruka.

Magongo yako nimeshayakatia vitambaa laini vya kwapani, hilo usinigombeze, bila hivyo utachubuka. Chumba nimefagia. Dereva nimemwambia akuendeshee taratibu kwenye mashimo, akasema, "Mama Pindo, ufunguo ninao mimi, usinifundishe," basi tumecheka.

Nilipofika kwenye mstari wako mtupu, nilikuwa nayo maneno kumi tayari mdomoni, mazuri, wewe unanijua. Mama akangoja. Akauliza, "Mbona umenyamaza?" Nikamwambia, mama, hapo ndio mwisho.

Akaniamini.

Dada yako,
Mama Pindo